Mtoto kaanza chekechea na kila wiki anaumwa: dalili kwa dalili, kwa wazazi wa Mtwara na Lindi

Kila Januari ikifika simu yangu haitulii. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Mtwara mjini, mwaka wa kumi na ushee sasa, na wanangu watatu wamepita kwenye mikeka hiyohiyo. Mimi si daktari. Ninachokijua ni malalamiko, maana nimeyasikia yote, na la kwanza huwa hili: "Mwalimu, mwanangu alikuwa mzima mpaka nilipomleta kwako."

Sibishi, kwa sababu ni kweli. Nyumbani alikuwa anakutana na vijidudu vya nyumba moja. Kwangu anakutana na vya nyumba ishirini, na kila mtoto anatia mdomoni gari ambalo mwenzake ametoka kulilamba. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anayeanza kukaa na wenzake anaweza kupata mafua mara 8 hadi 12 kwa mwaka. Kila mafua huchukua siku saba hadi kumi, na kikohozi huweza kubaki nyuma hadi wiki ya tatu. Piga hesabu: mafua kumi ya siku kumi ni siku mia moja. Na hayaji kwa zamu, yanarundikana kipindi cha mvua, ndiyo maana ukifika Machi unaona kama mtoto hajawahi kupona.

Kwa hiyo kuhesabu mara ngapi ameumwa hakukusaidii sana. Tazama siku za katikati: akiwa hana homa anacheza, anakula, anaongezeka uzito? Kama ndiyo, mwili wake unafanya kazi yake. Lakini hapa kusini tuna jambo la pili ambalo vitabu vya ulezi vya Ulaya havilijui: mafua hayazuii malaria. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili siku moja, na kamasi la chekechea likakufanya uipuuze homa isiyotokana na chekechea. Nililipia kosa hilo mwenyewe, nitalieleza mbele.

Ukiona mojawapo ya haya, usiendelee kusoma

Weka simu chini, beba mtoto, nenda:

- hanyonyi wala hanywi chochote
- anatapika kila kinachoingia
- amepata degedege, hata kama limekwisha na sasa anacheka
- amelegea, haamshiki vizuri, au anakutazama kama hakujui
- nyama za chini ya mbavu zinazama ndani kila anapovuta pumzi, au midomo imekuwa ya buluu
- viganja vimepauka, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi
- shingo imekakamaa
- mdogo wake wa chini ya miezi mitatu ana homa, hata ndogo

Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Lindi kuna Sokoine, Masasi kuna Mkomaindo, na kuna Ndanda na Nyangao kwa walio njiani. Ukiwa kijijini mbali na hizo, usiipite zahanati kwa kuidharau. Wanaweza kumpa dozi ya kwanza kabla ya kuandika rufaa, na dozi hiyo ndiyo inayomfikisha hai.

Makamasi na kikohozi: "Kapona Jumamosi, Jumatano yameanza tena"

Mara nyingi sana ni virusi vipya, vimemshika kabla vya zamani havijaondoka vizuri. Utajua kwa mambo madogo: homa ilikuwepo siku mbili tatu ikaisha, anakula walau nusu ya kawaida yake, na kamasi lilianza kama maji, likawa la njano, likawa kijani, kisha likakauka. Hiyo kijani ndiyo inayowatia watu hasara. Rangi ya kamasi haisemi kwamba anahitaji antibayotiki. Mwanangu wa kwanza alimaliza chupa nne za amoksilini mwaka ule, zote kutoka duka moja la dawa nisilolitaja, na kila mara alipona siku ya saba. Angepona siku ya saba hata bila hiyo dawa. Tulichopata zaidi ni kuhara na makalio yaliyoungua.

Anza na pua. Chemsha maji, yapoe, chota kikombe kimoja na utie nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisichojaa. Matone mawili kila tundu kabla ya kula na kabla ya kulala, kisha futa. Mtoto aliyezibwa pua hanyonyi wala hali, na nusu ya ugomvi wa chakula huishia hapo. Akiwa ameshatimiza mwaka mmoja, kijiko cha chai cha asali usiku kinatuliza kikohozi kuliko sirapu nyingi za dukani. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku. Zile sirapu zinazomfanya alale fofofo, achana nazo: hazitibu, zinamnyamazisha tu, na mtoto aliyelewa dawa huwezi kujua kama amelegea kwa ugonjwa. Wala usimpake balsamu puani, na mafuta ya taa yasikaribie kifua chake.

Na hapa bibi atataja kimeo. Namheshimu bibi, mimi mwenyewe nimelelewa na wa kwangu kule Newala. Ila kile kinyama cha kooni huonekana kirefu kwa sababu koo limevimba kwa kikohozi, hakikuleta kikohozi. Kukikata kumewaletea watoto kuvuja damu, maambukizi, hata pepopunda. Usibishane naye mbele ya watu. Mwambie, "Bibi, twende zahanati wamtazame koo kwanza, tukirudi tutaongea." Mara nyingi mkirudi kikohozi nacho kimekaribia kwisha.

Kama kikohozi hakina homa, kamasi ni maji tupu, na macho yanamwasha, tazama hewa. Huku kwetu kuna moshi wa kuni na mkaa kama kwingine, lakini kuna na vyetu. Kuanzia Mei, Juni hivi mpaka Agosti na Septemba watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, alfajiri upepo ukiwa umetulia, na vumbi lile likiingia kooni linawasha hata mtu mzima. Anayetoka kupuliza avue nguo nje na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za shamba zisikae chumba anacholala. Wanaobangua korosho nyumbani wanajua moshi wa yale maganda unavyokata pumzi. Mtoto asiwe upande unakoelekea. Jaribio rahisi: akalale kwa shangazi yake siku mbili tatu mbali na moshi. Kikohozi kikipungua, umeshapata jibu bila senti.

Anayekoroma kila usiku hata siku asizo na mafua, analala mdomo wazi, na pumzi zinakatika kidogo kisha anashtuka, huyo huenda ana nyama za pua. Si dharura ya usiku wa leo, lakini aonwe na daktari wa pua, masikio na koo. Anayekohoa zaidi usiku wa manane au akikimbia, kifua kinalia kama filimbi, na kwenu kuna mwenye pumu, aonwe mapema zaidi ya huyo.

Kuna moja watu hawalifikirii. Kamasi linatoka tundu moja tu, na linanuka. Karibu kila mara kuna kitu humo ndani. Nimeshakutana na ushanga, sponji ya godoro, na punje ya kunde iliyokuwa imevimba mpaka imekaza. Usichokonoe kwa pini wala kibiriti, utakisukuma ndani zaidi. Zahanati au hospitali.

Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mtoto anapungua, na nyumbani kuna mtu mzima naye anakohoa muda mrefu: wote wawili wakapimwe kifua kikuu. Matibabu yake hutolewa bure, na aibu ya kwenda ni ndogo kuliko ya kuchelewa.

Homa: "Darasa zima wana mafua, si ndiyo hayohayo?"

Hili ndilo kosa langu. Binti yangu wa pili, miaka miwili na nusu, wiki ambayo watoto tisa kituoni walikuwa na mafua. Naye kamasi, naye homa. Nikampa parasetamoli, ikashuka, ikapanda, nikampa tena. Siku ya tatu usiku akapata degedege. Kipimo kilichukua robo saa: malaria. Nilikuwa na kipimajoto ndani, zahanati iko mwendo wa dakika kumi, na mimi ndiye ninayewaambia wenzangu wawahi kupima.

Nunua kipimajoto. Mkono kwenye paji la uso hudanganya, hasa ukiwa umetoka jikoni. Kwapani, 37.5 kwenda juu ni homa.

Sababu ya kwanza ya homa huku, mpaka kipimo kiseme vingine, ni malaria. Mtwara na Lindi zimo kwenye mikoa yenye malaria nyingi Tanzania, na kamasi haliondoi uwezekano huo. Mtoto mwenye homa apimwe siku ya kwanza au ya pili, asisubiri ya tatu. Ni tone la damu kidoleni, majibu dakika 15 hadi 20, na sera ya nchi ni kwamba watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Kipimo kikisema hakuna na homa ikaendelea siku mbili zaidi, rudi upime tena.

Kuna mtego mmoja unaowachanganya wengi. Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona, kwa sababu mabaki ya vimelea bado yamo kwenye damu. Kwa hiyo kama alitibiwa wiki mbili zilizopita na leo ana homa na kamasi, mwambie mhudumu tarehe aliyomaliza dawa na uulize kama wanaweza kupima kwa hadubini. Bila hivyo anaweza kumeza dawa ya mseto kila mwezi kwa mafua.

Akikutwa nayo, dawa ya mseto ni dozi sita kwa siku tatu. Ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapokosea kwa sababu huangukia usiku, weka kengele. Mpe na maziwa, uji wa karanga au chakula chenye nazi, maana dawa hiyo inahitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha rudi zahanati wakupe ya kufidia. Akichangamka siku ya pili, dozi zilizobaki ni zake, si akiba ya mdogo wake.

Na kabla hujanilaumu: malaria hakuipata kwangu. Mbu wa malaria anauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, saa ambazo kituo kimefungwa. Anaipata barazani mkiwa mnapunga upepo, au msimu wa korosho mkihamia shamba na kulala kwenye kibanda kisicho na chandarua. Ukienda shamba, chandarua kiwe cha kwanza kufungwa kwenye mzigo.

Malaria ikishaondolewa kwa kipimo, homa nyingi ni za virusi vya mafua yenyewe. Hapo parasetamoli inatosha, kwa uzito na si kwa kukadiria: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10, kwa sirapu yenye miligramu 120 ndani ya mililita 5, anapata mililita 5. Soma chupa yako, maana nguvu zinatofautiana. Aspirini si ya watoto. Mvalishe nguo nyepesi, mpe cha kunywa, usimmwagie maji ya baridi.

Homa inayorudi baada ya mafua kupungua, na mtoto analia usiku akishika sikio, ni sikio. Usaha ukitoka, kausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa na umpeleke. Usitie mafuta, maziwa ya mama wala tone la kitu chochote kingine.

Homa isiyo na kamasi, kikohozi wala kuhara, hasa kwa watoto wa kike, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Neno "yutiai" siku hizi linagawiwa bure kama karanga za kuonja. Ukiambiwa hilo uliza tu kwa upole: mkojo wake umepimwa?

Kuhusu meno: kuota meno kunaleta udenda na kero, pengine joto kidogo. Hakuleti homa ya 39. Na akitokea mtu anasema mtoto ana meno ya plastiki yang'olewe, ondoka na mtoto wako. Yale meupe kwenye fizi ni meno yake ya utotoni ambayo hayajatoka.

Degedege likitokea, mlaze ubavu mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, legeza nguo, tazama saa. Usitie kijiko mdomoni, usimpe dawa wala maji, usimfukize moshi. Najua huku wengi wanasema ni mdudu au shetani na sindano itamuua. Homa ikipanda inaweza kuleta degedege kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, malaria kali inaweza, na homa ya uti wa mgongo inaweza. Vitatu hivyo huwezi kuvitofautisha kwa macho, ndiyo maana ni hospitali kila mara. Mganga mnaweza kumwona wiki ijayo.

Pumzi za haraka

Hii ni fupi lakini ndiyo inayoua haraka. Mtoto akiwa ametulia, hajalia, hajanyonya, funua kifua na uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi ni haraka mno. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Hesabu mara ya pili uhakikishe. Ikiwa ni hivyo, inaweza kuwa nimonia: zahanati leo, si kesho. Pua iliyoziba nayo hupandisha pumzi, kwa hiyo isafishe kwanza kama mtoto yuko macho na mchangamfu. Ukiona mbavu zinazama, usisafishe kitu, nenda.

Kuhara na kutapika

Virusi vinaongoza hapa pia, vinapita kituoni ndani ya siku chache kama moto wa nyika. Kinachofuata ni mikono na vyombo: chupa ya maziwa iliyokaa kwenye begi tangu asubuhi, uji ulioachwa wazi, na kuanzia Novemba embe lililookotwa chini na kufutwa kwenye gauni. Halafu kuna kuhara kunakoletwa na antibayotiki aliyopewa wiki iliyopita kwa ajili ya mafua. Minyoo na amiba zipo, ila si za kwanza kama wauza dawa wanavyopenda kusema.

Sababu yoyote iwe, kinachomdhuru mtoto ni maji yanayomtoka. Pata pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, nyingi ni lita moja; pima kwa chupa ya maji ya dukani, si kwa jicho. Akiwa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, juu ya hapo 100 hadi 200. Kwa kijiko, taratibu. Akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki, kwa mtoto wa miezi sita kwenda juu, ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, na hiki ndicho watu wanachoacha zaidi.

Dafu ni kinywaji kizuri na huku tunalo tele, mpe akipenda, lakini halichukui nafasi ya ORS. Soda wala juisi ya pakiti usimpe. Aendelee kunyonya na kula: uji, wali laini, ndizi, supu ya samaki. Kumfunga chakula "ili tumbo lipumzike" kunamwongezea udhaifu. Dawa za kuzuia kuhara za watu wazima zisimguse.

Acha kujitibu na uende: damu kwenye choo, macho yamedidimia, analia bila machozi, hajakojoa tangu asubuhi, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, au choo ni cha maji meupe kama ya kuoshea mchele na kinamwagika mfululizo. Hicho cha mwisho kinaweza kuwa kipindupindu: ni dakika, si saa, na waambie majirani.

Ngozi na macho

Vijipele vidogo shingoni na mgongoni wakati wa joto la Desemba ni harara. Muogeshe, umpunguzie nguo na poda. Akijikuna usiku, vipele viko katikati ya vidole, kiunoni na kwapani, na wewe mwenyewe umeanza kujikuna, ni upele: nyumba nzima itibiwe siku moja, nguo na mashuka yafuliwe yaanikwe juani, la sivyo mtazungushiana mpaka Pasaka. Mabaka ya duara kichwani yenye nywele zilizokatika ni mapunye, yanahitaji dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa, mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye shina. Vidonda vyenye gamba la rangi ya asali kuzunguka pua na mdomo vinaambukiza sana, zahanati.

Tetekuwanga ni malengelenge yenye maji; abaki nyumbani mpaka yote yakauke. Vipele vinavyoanzia usoni kushuka mwilini, pamoja na homa kali, macho mekundu na kikohozi, ni surua mpaka ithibitike vinginevyo: mtoe kituoni na mpeleke akapimwe. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya miezi 18 wengi wanaisahau kwa sababu mtoto ameshatembea na kliniki imepungua. Chukua kadi, itazame leo.

Macho mekundu yenye tongotongo: futa kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa, kila jicho na pamba yake, taulo yake iwe peke yake. Maziwa ya mama, mkojo na chai, hapana. Jicho likiumizwa na mwanga, likivimba au lisipopungua siku ya pili, aonwe.

"Anaumwa na hanenepi"

Hapa ndipo zile siku za katikati zinaposema. Fungua kadi ya kliniki utazame mstari wa uzito. Mstari ukipanda polepole katikati ya mafua yote hayo, tulia. Ukilala miezi miwili au ukishuka, kuna kazi.

Kwanza chakula. Mtoto anayeumwa kila wiki tatu anapoteza milo mingi kuliko mzazi anavyodhani, na kituoni wengine hawali wiki za mwanzo kwa huzuni tu. Muulize mwalimu anakula kiasi gani hasa, asikujibu "anakula vizuri." Akipona mpe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili: uji uwe na njugu au karanga na mafuta, mboga iwe na nazi, samaki achambuliwe. Mihogo na ming'oko hushibisha, lakini haimjengi peke yake.

Kisha damu na minyoo. Viganja vikiwa vyeupe ukilinganisha na vyako, apimwe wingi wa damu. Dawa ya minyoo na vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita; ulizia kliniki kama amepata. Mwenye malaria za kurudiarudia huishiwa damu kimyakimya.

Halafu kuna mambo ambayo mzazi hapendi kuyawaza, na mimi siyasemi getini mbele ya watu. Mikono na miguu inavimba kwa maumivu, macho ya njano, damu inapungua mara kwa mara: huenda ni selimundu, yaani siko seli. Nimonia zaidi ya moja kwa mwaka, masikio yanayotoa usaha yasikome, utando mweupe mdomoni usioisha: apimwe kila kitu, pamoja na VVU, hata kama mama alipimwa akiwa mjamzito. Vyote hivyo vina huduma, na mtoto anayeanza mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kukua vizuri.

Aje au abaki?

Kamasi bila homa, anacheza: mlete. Ukisema umfungie mpaka akauke kabisa, hatasoma mwaka huu. Homa: abaki, apimwe, arudi akishakaa siku nzima bila homa na bila dawa ya homa. Kuhara au kutapika: arudi saa 48 baada ya choo cha mwisho cha maji. Gamba la usoni: saa 24 baada ya kuanza dawa. Surua: siku nne tangu vipele vitokee, na kwa ruhusa ya mhudumu wa afya.

Kituo nacho kikague. Kuna maji yanayotiririka na sabuni karibu na choo, au beseni moja la wote? Kila mtoto ana kikombe chake? Anayepangusa makalio ndiye anayekoroga uji? Madirisha yako wazi watoto wakilala? Mwalimu anakupigia mtoto akibadilika, au unaambiwa jioni? Mzazi anayeuliza haya haniudhi. Aniudhiye ni anayempa mtoto parasetamoli saa kumi na mbili asubuhi ili apite getini akiwa wa baridi, kisha anazima simu. Dawa ile nguvu yake inaisha kama saa tano hivi. Homa inarudi, mtoto anatetemeka kwenye mkeka, na mimi nampakata huku napiga namba isiyopatikana, ya mtu aliye kwenye foleni ya benki akisubiri hela ya korosho.